Akuma Hakubisha Hodi

Tekken 7 ina wageni watatu wa kununua kando: Geese Howard, Noctis na Negan. Huyo Negan ametolewa The Walking Dead, na gongo lake la seng'enge, akatupwa katikati ya ugomvi wa akina Mishima. Kwangu huyo ni tangazo la biashara, basi.

Akuma ni kesi tofauti. Kwao ni Street Fighter, lakini hapa alipewa deni. Kazumi, mke wa Heihachi, alimwokoa maisha, akamwomba alipe kwa kuwaua Heihachi na Kazuya. Na alikuja na sheria za kwao. Kwenye Tekken kila kitufe ni kiungo: mkono wa kushoto, wa kulia, mguu wa kushoto, wa kulia. Akuma ana mita ya nguvu chini ya skrini (Geese pia anayo), anaruka na kukurushia moto kutoka hewani, anakatiza pigo katikati na kuanza lingine. Ukizoea Tekken tu, unahisi kama mtu anakujibu kwa lugha nyingine.

Kwenye chumba cha PS mtaani kwetu, Eastlands, alipigwa marufuku. Sababu rasmi: eti anabebwa. Mimi najua sababu ilikuwa binamu yangu.

Alikuja kukaa kwetu kutoka Tanga baba yake alipofariki. Kila akisema, "Samahani, naomba na mimi nicheze," wasee walikuwa wanavunjika mbavu. Halafu anakaa, anachagua Akuma, na kicheko kinakauka. Pale anayepigwa ndiye analipa. Jumamosi moja alicheza kutoka asubuhi hadi giza bila kutoa hata bob. Wiki iliyofuata akaambiwa achague mtu wa Tekken.

"Kwani huyu hayumo kwenye orodha?" akauliza.

Hakujibiwa. Akachagua Law, akapigwa, akalipa, akasema "asanteni". Hiyo asanteni waliiigiza mwezi mzima.

Tekken 8 ilipotoka 2024 bila Akuma, kuna mtu pale alipiga makofi kabisa. Binamu yangu hakuwepo kusikia. Alishahamia Mombasa, na siku hizi ananitumia voisi noti ndefu. Anasema huko akiomba kitu, anapewa tu, hakuna anayecheka.