Ugeni wa Melini

Ziko meli za kuchukua shehena, ziko meli za vita, na ziko meli za kuvusha watu kutoka bandari moja mpaka nyingine. Pamoja na hizo iko aina nyingine ambayo haimfikishi mtu popote: humpakia bandarini, humzungusha baharini siku saba au zaidi, kisha humrudisha palepale alipopandia. Hiyo ndiyo meli ya matembezi. Wazee wetu, ambao kwao safari ilikuwa na mahali pa kwenda, wangaliona jambo hilo kuwa kichekesho. Walakini katika mwaka 2023 peke yake watu waliosafiri hivyo duniani walizidi milioni 30, na meli za namna hiyo hufika hata Mombasa. Yamkini siku moja wewe nawe utapanda moja, kama abiria au kama mtumishi. Kwa hiyo nataka kukueleza mambo yatakayokukuta.

Nisingaliyajua haya kwa mshahara wa mwalimu. Dada yangu mkubwa, ambaye ni muuguzi Uingereza, aliweka akiba kwa miaka mitatu ili mama yetu apumzike juma moja atakapotimiza miaka 70. Mama alikataa katakata kulala peke yake katika chumba kinachoelea; nami, kwa kuwa chuo chetu cha ualimu kilikuwa kimefungwa, nikaitwa nikawe mwenzake. Tulipandia Barcelona, nchi ya Uhispania, tukapita Marseille, Genoa na Naples, kisha tukarudi Barcelona.

Kabla ya bahari kuna karatasi. Mkenya anayekwenda njia hiyo hutakiwa kuwa na viza ya nchi za Schengen, na viza hiyo haitolewi pasipo bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Viza moja yatosha kwa Uhispania, Ufaransa na Italia; lakini meli ikigusa nchi iliyo nje ya mapatano hayo, nyingine yaweza kutakiwa. Uliza mapema. Tena, dawa zako, pasipoti yako na nguo ya kubadili zitie katika mkoba wa mkononi, kwa maana mizigo mikubwa hupokewa gatini na yaweza kuchukua saa kadhaa kabla ya kufika mlangoni pako.

Ukiiona meli kwa mara ya kwanza hutaiona meli, utaona ukuta. Yetu ilikuwa na abiria zaidi ya 3,000 na watumishi zaidi ya 1,000, basi ilikuwa mji wa kutosha kuwa na soko, hospitali na jela. Na kwa kweli hospitali ndogo ilikuwamo, maduka yalikuwamo, na niliambiwa kwamba chumba cha kufungia wakorofi kilikuwamo pia. Mgeni hupotea siku mbili za kwanza. Dawa yake ni kujua mbele na nyuma: mbele ni omo, nyuma ni tezi, maneno ambayo mabaharia wa Lamu na Mombasa wameyatumia tangu zamani za majahazi. Ukielekea omo, upande wako wa kushoto ndiko iliko taa nyekundu ya meli, na wa kulia ndiko iliko ya kijani. Chumba cha bei nafuu hakina dirisha, na giza lake ukizima taa ni giza la kaburini. Chumba kilicho katikati ya meli, chini kidogo, ndicho kinachotikisika kidogo kuliko vyote.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo abiria wengi hulichukia nami nalipenda. Kazi ya kwanza utakayopewa melini si kula wala kuogelea, bali ni kujifunza namna ya kutokufa. King'ora hulia mara saba kwa mlio mfupi na mara moja kwa mlio mrefu, nawe huna budi kwenda kwenye kituo ulichoandikiwa, na hapo huonyeshwa jinsi ya kuvaa jaketi la kuokoa maisha na mashua utakayoingia. Katika meli nyingine siku hizi mafundisho huonyeshwa kwa filamu, kisha abiria huenda kituoni kujionyesha tu. Katika yetu tulikusanyika watu zaidi ya mia moja, na aliyetufundisha alikuwa kijana mwembamba, mweusi kama sisi, mwenye sauti isiyopanda wala kushuka lakini iliyosikika mpaka safu ya nyuma. Wengi walikuwa wakipiga picha. Yeye hakuwakemea, alinyamaza, akamtazama aliyekuwa akisema sana, akangoja. Nilijisemea moyoni kwamba ujanja huo siujui kwa mabaharia, naujua kwa walimu.

Msomaji, usiyadharau mafundisho hayo. Titanic ilipozama Aprili 1912 ilikuwa na mashua 20 zenye nafasi ya watu 1,178, hali waliokuwamo walikuwa kama 2,200. Miaka mia moja baadaye, tarehe 13 Januari 2012, meli ya matembezi iitwayo Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, wakafa watu 32. Mamia ya abiria waliopanda jioni ile walikuwa hawajafundishwa lolote, maana sheria ya wakati ule iliruhusu mafunzo yafanywe katika saa 24 za kwanza. Tangu mwaka 2015 sheria ya kimataifa inataka yafanywe kabla ya meli kuondoka, au mara tu inapoondoka. Nasi Wakenya hatuna haja ya kutafuta mifano Ulaya. Kivuko cha Mtongwe kilipinduka Mombasa tarehe 29 Aprili 1994, na watu 272 wakafa karibu na nchi kavu kiasi cha kuonwa na waliosimama ufukoni. Mama yangu aliikumbuka habari ile. Alivaa jaketi lake akakataa kulivua mpaka tulipotoka bandarini.

Huko kutoka bandarini nako kutazame vema. Nahodha, ijapokuwa ni bwana wa meli yote, hakuitoa peke yake. Alipanda kwanza rubani wa bandari ajuaye kina na mikondo ya pale, akamwongoza mpaka nje, kisha akashuka kwa ngazi ya kamba katika mashua ndogo. Wanafunzi wangu wakisikia neno rubani hufikiri ndege tu. Lakini neno hilo lilikuwa la bahari kabla ya ndege ya kwanza kuruka.

Kati ya Barcelona na Marseille kuna ghuba isifiwayo kwa upepo mkali utokao kaskazini, ambao Wafaransa huuita mistral. Hapo ndipo wageni hulewa bahari. Sikio la ndani hukwambia unakwenda, jicho linaloutazama ukuta wa chumba hukwambia umetulia, na ubishi wa mashahidi hao wawili huishia tumboni. Panda sitaha, tazama upeo wa macho mahali mbingu na maji hukutana, kula biskuti kavu, onja tangawizi, wala usilale na njaa. Meli kubwa zina mapezi chini ya maji ya kupunguza mwinamo, hata hivyo bahari haifutiki. Katika sisi watatu, aliyelewa ni dada yangu muuguzi, aliyefunga mkoba mzima wa dawa. Mama, ambaye maji makubwa aliyopata kuyavuka ni mto wa kijijini, alimkandamiza kipaji kwa kitambaa akawa na furaha ya kuwa na mgonjwa wa kumwuguza.

Chakula sitakieleza sana. Kipo asubuhi mpaka usiku wa manane, nacho kimelipiwa katika nauli. Vinywaji vingi, intaneti, matembezi ya nchi kavu na bakshishi havimo. Bakshishi hukatwa kila siku, katika meli nyingi kati ya dola 10 na 20 kwa kila mtu, na kwa sababu kila ununuzi hufanywa kwa kadi ya chumba, mtu hajui alivyotumia mpaka siku ya mwisho. Watu hupakua vilima vya chakula wakaacha nusu. Mama aliuliza mabaki huliwa na nani. Akaambiwa husagwa na kumwagwa mbali na pwani. Tangu hapo hakupata kuacha hata tonge, na macho yake yalikuwa yakizunguka meza za jirani kwa namna iliyonifanya niombe tuhame.

Usiku wa pili alikuja kutuandikia meza yule kijana wa mashua. Watumishi wa melini huvaa kibao kifuani chenye jina na nchi, na chini ya jina lake palikuwa pameandikwa Kenya. Kabla sijafungua kinywa, alikuwa amekwisha kuinama mbele ya mama.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?”

“Kilifi, mama.”

Mama akasahau chakula. Katika dakika tatu alijua wazazi wake wangapi wako hai, nduguze wangapi wako shuleni, na kwamba kijana yule alihitimu ualimu wa shule za msingi, akangoja kazi miaka minne, akafundisha kwa vibarua katika shule mbili, kisha akaenda kusomea kazi za hoteli. Aliposikia kwamba mimi nafundisha walimu, alicheka kidogo akasema, “Basi, mwalimu, umenikagua jana. Nina darasa jipya kila juma, na somo ni moja tu.”

Nimewatuma vijana wengi kwenda kufundisha kwa majaribio, nami nimekaa nyuma ya madarasa yao na daftari la kukagulia. Yule ningalimpa alama ya juu kabisa. Sikujua kama nimsikitikie au nimpongeze, nami sikufanya lolote katika hayo mawili, ila nilimwuliza juu ya kazi. Alikuwa akifanya kazi kama saa 11 kila siku, siku saba za juma, kwa mkataba wa miezi minane. Alilala na mwenzake Mwindonesia katika chumba kisicho na dirisha, chini ya mstari wa maji. Mshahara wake ulikuwa ukiwasomesha wadogo zake watatu, jambo ambalo vibarua vya shuleni havikuweza. Lakini kabla ya kupata kazi hiyo, wakala mmoja wa mjini alikuwa amekula fedha za shamba la baba yake kwa ahadi ya meli isiyokuwapo.

Kijana unayesoma haya, hapo nakuomba usimame. Uko mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia, wa mwaka 2006, nayo Kenya iliuridhia mwaka 2014. Mkataba huo unataka baharia apate mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na unakataza wakala kumtoza mtu fedha kwa ajili ya kumpatia kazi melini. Utalipia pasipoti yako, kitabu chako cha ubaharia na cheti chako cha daktari. Kazi yenyewe haiuzwi. Anayeitia bei ni mwizi, hata akiwa na ofisi yenye zulia. Mawakala wa halali wana leseni ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya, iliyo Mombasa, na kuuliza huko ni bora kuliko kuuza shamba.

Kuna na jambo la kitanda. Kila alfajiri mama alitandika vitanda vyetu viwili, akafagia kwa mkono, akakunja taulo. Mtumishi wa chumba, Mfilipino mpole, alikuja mara tatu akakuta kazi imekwisha, akaanza kuogopa kwamba hatupendezwi naye, na malalamiko ya abiria yaweza kumharibia mtumishi mkataba. Ilibidi mwalimu wetu wa Kilifi aende kumweleza desturi za akina mama wa kwetu. Wewe ukienda, mwachie mtumishi kitanda chake, umsalimu kwa jina lililo kifuani pake.

Juu ya bandari nitakuwa mfupi, kwa sababu meli nayo ni fupi katika bandari. Hukaa saa nane au kumi, na abiria hutakiwa kurudi mapema, mara nyingi nusu saa kabla ya kuondoka. Ukichelewa katika matembezi yako mwenyewe itakuacha, nawe utaifuata bandari ya pili kwa nauli yako. Marseille tuliona kanisa la Notre-Dame de la Garde juu ya kilima chake. Naples tuliutazama Vesuvius, mlima uliofunika mji wa Pompeii kwa majivu mwaka 79, na chini yake watu wakianika nguo madirishani kana kwamba mlima ule haukupata kufanya neno. Genoa ilinyesha. Asikudanganye mtu kwamba ukizunguka hivyo umezijua nchi tatu, umezichungulia mlangoni.

Usiku wa mwisho mizigo mikubwa huwekwa nje ya mlango ili ichukuliwe, na asubuhi abiria hutolewa vyumbani mapema, maana siku iyo hiyo adhuhuri wengine 3,000 huingia. Tulimwona kijana wetu akipanga vikombe kwa ajili yao; jioni angekuwa na darasa jingine. Mama alimpa anwani ya nyumbani na akamwamuru afike akija likizo.

Na usishangae, ukishuka, nchi kavu ikicheza chini ya miguu yako. Mwili hukawia kuamini kwamba umetoka majini. Katika uwanja wa ndege wa Barcelona mama aliushika mkono wangu akaniuliza kama jengo lile nalo linaondoka saa ngapi. Hali hiyo humwisha mtu kwa siku moja au mbili.