Faili Zisizo na Majina

Usiku ule stima ilipotea saa tatu na dakika kumi. Naikumbuka saa kwa sababu nilikuwa nimekodolea macho ule mstari wa kijani ukisonga: asilimia 71 ya filamu ambazo binamu yangu alikuwa ameniletea, zikiingia kwenye diski yangu ya nje. Betri ya laptopu yangu ilishakufa kitambo, inaishi kwa waya kama mgonjwa wa wodi ya mahututi. Giza likashika mtaa mzima, majirani wakaguna ule mguno wa pamoja ambao kila mtu wa Nairobi anaujua, nami nikacheka.

Stima iliporudi nikachomeka diski. Kompyuta ikaniambia kwamba kabla ya kuitumia, lazima niifomati. Iliuliza kwa upole, kama mhudumu wa hoteli anayeuliza kama utaongezwa chai. Nikabonyeza ndiyo.

Wacha nirudie, kwa sababu nimejirudia mwenyewe mara nyingi: nikabonyeza ndiyo. Sekunde chache tu, nikaonyeshwa diski safi, tupu, gigabaiti 931 za nafasi. Ili nihakikishe inafanya kazi, nikaingiza filamu moja. Ikaingia poa. Ikacheza. Nikalala.

Asubuhi, matatu ikiwa imekwama kwenye mzunguko wa Nyayo, ndipo nilipomkumbuka Bibi.

*

Bibi alizaliwa Matondoni, kisiwani Lamu, kijiji cha mafundi wa majahazi na wanawake wasukaji wa mikeka. Alizungumza Kiamu mpaka siku aliyotutoka. Mara ya kwanza kuja kwetu South C nilikuwa na miaka mitano. Alikaa sebuleni, akanitazama, akasema, "Ndoo!" Nikakimbia bafuni nikamletea ndoo. Akacheka mpaka akajipangusa machozi, kisha akasema tena, polepole, "Ndoo, mwanangu." Nikarudi na ndoo ya pili. Mama ndiye aliyenieleza kwamba Bibi alikuwa ananiita. Kwao, njoo ni ndoo.

Ikawa mzaha wetu. Lakini shuleni haikuwa mzaha. Darasa la nne niliandika kwenye insha kwamba Bibi ana "mato" mazuri na mwalimu akalizungushia neno lile wino mwekundu mara mbili. Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba mwaka 1928, kwenye mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kwa hivyo mato ya Bibi yalikuwa yameshapigwa wino kabla hata yeye hajazaliwa.

Desemba 2018 nikaazima kinasa sauti cha rafiki yangu, nikapanda basi mpaka Mokowe, nikavuka kwa boti. Kwa siku nne Bibi alisuka ukili huku akisimulia, nami nikamrekodi. Rekodi kumi na moja, kama saa sita hivi kwa jumla. Niliporudi Nairobi nikazihamishia kwenye diski na kumwambia kila mtu kwamba nitaziandika zote, neno kwa neno. Nitaanza Ramadhani. Nitaanza baada ya Idi. Nitaanza nikipata spika nzuri. Bibi akafariki 2021, nami nikawa bado sijasikiliza zaidi ya dakika kumi za rekodi ya kwanza.

Nilijipa moyo kwamba sina haraka. Si ziko kwa diski?

*

Luthuli Avenue ukiwa na shida usoni, unaonekana kutoka mbali. Fundi wa kwanza hakuigusa hata diski. "Ushaifomati? Basi hiyo imeenda, boss. Nikuuzie ingine?" Wa pili alinipandisha ngazi mbili, akapita maduka ya spika na TV, akaniacha mbele ya kibanda ambacho watu wawili hawawezi kukaa bila kugusana magoti. Ndani alikuwa dada mmoja wa rika langu, ana miwani na kikombe cha chai kilichopoa.

Aliuliza maswali kama daktari. Iliwahi kuanguka? Hapana. Inalia tik, tik, tik? Hapana. "Afadhali. Ikilia hivyo, usiiwashe tena hata mara moja. Na usiiweke kwa friza, hata kama umeona mtu mtandaoni akifanya hivyo." Kisha akaniangalia juu ya miwani. "Baada ya kufomati, umeweka kitu?"

Nikamwambia kuhusu filamu.

Hakunigombeza. Alinyamaza tu, na ule ukimya ulikuwa mbaya kuliko matusi.

Akanieleza. Kufomati haraka, alisema, hakufuti vitu. Ni kama mtaa ambao kanjo wamekuja usiku wakang'oa namba zote za nyumba. Watu bado wamelala ndani, ila aliye nje hajui nani anakaa wapi, na kitabu cha ofisini kinasema mtaa mzima ni kiwanja kitupu. "Shida inaanza ukileta mpangaji mpya. Ataambiwa hapa hakuna mtu, ajenge. Hiyo filamu yako ni mpangaji mpya." Akaongeza kwamba nina bahati diski yangu ni ya zile za zamani zenye sahani zinazozunguka. Ingekuwa SSD, mara nyingi yenyewe husafisha kabisa mahali palipotangazwa kuwa patupu.

Tukakubaliana shilingi 4,500, nusu mbele. Kabla sijaondoka akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Kuna kitu humu hungependa nione?" Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, lakini pale kibandani sheria ilikuwa ni yule dada na swali lake. Nikamwambia aone chochote. Kulikuwa na picha zangu za kampasi zenye aibu ya kutosha, lakini nilikuwa nimeshapita mahali pa kuona haya.

Hakuanza kutafuta chochote kwenye diski yenyewe. Kwanza aliinakili yote, kila kipande, pamoja na zile sehemu zinazodaiwa kuwa tupu, kwa programu iitwayo ddrescue, ikaingia kwenye diski nyingine ya ukubwa uleule. "Mgonjwa hapasuliwi mara mbili," alisema. "Tunapasua kivuli chake." Hapo tu siku ikaisha. Kesho yake akaiachia ile nakala PhotoRec, programu ya bure iliyotengenezwa na Mfaransa anayeitwa Christophe Grenier. PhotoRec haiulizi kitabu cha ofisi kinasema nini. Inapita nyumba kwa nyumba, ikitafuta dalili: faili ya picha huanza hivi, faili ya sauti huanza vile. Ikiona mwanzo inaoutambua, inabeba.

Siku ya tatu akanipigia. "Zimetoka. Lakini kuja ujionee."

Zilikuwa zaidi ya elfu thelathini. Folda baada ya folda, na ndani yake kila faili ina herufi f, kisha namba ndefu. Ile namba, alisema, ni mahali faili ilipoanzia kwenye diski. Jina langu nililoipa, tarehe, folda niliyoiita BIBI kwa herufi kubwa, hayo yote yalikuwa kwenye kile kitabu kilichochanwa. Hakuna programu ingeweza kuniambia ipi ni ya nani.

"Sasa utazijuaje?" nikauliza.

"Si wewe unajua sauti ya bibi yako?"

*

Faili za sauti zilikuwa mia nne na kitu. Nyimbo, mihadhara ya chuo, memo nilizojirekodia nikiwa na mawazo ya saa nane usiku. Nilikaa wikendi nzima na vipokea sauti, nikifungua moja baada ya nyingine. Na kila nilipompata Bibi sikuweza kuifunga ile faili nikaendelea kutafuta. Nilisikiliza hadi mwisho. Miaka sita nilikuwa na majina yake yote yamepangwa vizuri na sikusikiliza. Sasa majina yamepotea, ndiyo nasikiliza.

Alisema "ndia" kwa njia na "mai" kwa maji. Alieleza jinsi miaa inavyoanikwa, inavyopasuliwa, inavyotiwa rangi, na kwa nini ukili ukishasukwa unazungushwa kama gurudumu na kuwekwa, maana mkeka haushonwi mpaka ukili utoshe. Alimsengenya jirani aliyefariki 1987 kana kwamba walikosana asubuhi ile. Nyuma yake punda analia, jiko linapigwa kipepeo, mwadhini anaita.

Na nyuma ya hayo yote, niko mimi. "Mmh," nasema. "Mmh. Eeh." Halafu ting. Simu yangu. Ting tena. Kimya kidogo ambapo, naijua sana ile kimya, najibu meseji. Kisha, "Mmh, endelea Bibi."

Rekodi tisa zilirudi nzima. Moja haikuonekana kabisa. Ya kumi ndiyo hii: Bibi anasimulia kuhusu kaka yake mkubwa, aliyeondoka na jahazi yeye akiwa msichana mdogo, wala hakurudi. Anaeleza alfajiri yenyewe, kanzu aliyovaa, mkate uliofungwa kwenye kitambaa. "Alipofika mlangoni akageuka," anasema, "akanangaliya kwa mato yake mawili, akanambia—"

Halafu kelele. Kama mvua ya mawe juu ya mabati, dakika ishirini na mbili mfululizo mpaka faili inaisha.

Nilirudi Luthuli nayo. Dada aliitazama, akapima namba, akanieleza taratibu. Diski yangu ilikuwa imejaa siku niliyohifadhi ile rekodi, kwa hivyo ilikatwa vipande viwili vikawekwa mbali mbali. Kipande cha kwanza PhotoRec ilikiona. Cha pili haikujua kilipo, ikaendelea tu kusoma kilichofuata, ndiyo zile kelele. Na mahali ambapo huenda kipande cha pili kilikuwa, sasa kumekaa filamu. Hakuna cha kufanya. Hakunidai ile nusu ya pesa iliyobaki. Nilimlipa hata hivyo.

*

Kwa siku kadhaa niliilaani ile filamu, na stima, na kidole changu. Kisha nikampigia Mama kumuuliza: kaka yake Bibi alisema nini pale mlangoni?

Mama akanyamaza kidogo. "Sijui. Mimi hakunihadithia hiyo." Halafu, bila ubaya wowote, akauliza, "Kwani wewe si ulikuwa hapo?"

Nilikuwa hapo. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka hatua moja kutoka kwake. Aliyasema yale maneno kwa mdomo wake, yakapita masikioni mwangu, na sikuyashika hata moja, kwa sababu pale katikati yetu kulikuwa na taa ndogo nyekundu iliyoniambia kwamba kuna kitu kinasikiliza badala yangu. Diski ilipoteza ile sentensi 2024. Mimi niliipoteza siku ileile ya Desemba, kabla hata Bibi hajaimaliza.

Siku hizi rekodi zile ziko mahali patatu: kwa diski mpya, kwa seva ya mbali, na kwa fleshi niliyoituma Lamu kwa Khalati, dada mdogo wa Mama, ambaye hakuwahi kuondoka Matondoni. Nimeandika rekodi tatu hadi sasa, neno kwa neno, mato kwa mato. Ni kazi ya pole pole. Saa moja ya Bibi inakula jioni nne zangu.

Wiki iliyopita Khalati alinipigia. Alikuwa ameisikiliza ile iliyokatika. Akaniambia hadithi hiyo anaijua, Bibi alikuwa akimsimulia wakisuka pamoja, zaidi ya mara moja, na si kila mara kwa maneno yaleyale. Nikaruka kitandani nikatafuta kalamu. Nikamwambia angoje kidogo, niweke simu irekodi.

"Usirekodi," akasema. "Haya si ya simuni. Ndoo, nitakwambia. Na simu yako uiwate mlangoni."

Nimeshakata tiketi ya basi.