Staa Alirudisha Chupa, Mimi Nikakatwa Mshahara

Jina lake silitaji, kwa hiyo msijisumbue kuniuliza kwenye komenti. Nitasema tu ni msanii wa kiume, mwaka ule alikuwa na ngoma mbili ambazo hata bodaboda walikuwa wamezikariri.

Mimi nilikuwa mhudumu kwenye mgahawa mmoja wa kishua hapa Dar. Form four nimemaliza, matokeo ya kawaida, kazi nimeipata kwa kujuana na dada wa jikoni. Jamaa akaingia na watu wake saba, wawili kazi yao kushika simu na kurekodi. Akaniita, "We dada, leta waini nyekundu ya maana, siyo hizi za kila siku."

Kwenye menyu kulikuwa na moja nilikuwa naiogopa hata kuitamka. Syrah, kutoka Swartland, Afrika Kusini. Inatamkwa "sira", mimi nikasema "sairaa" kwa kujiamini kabisa. Bei yake ilizidi nusu ya mshahara wangu. Akasema lete.

Chakula alichoagiza: kamba wa pilipili, ile pilipili ya kutoa machozi.

Akanywa funda moja, akakunja uso. "Hii inanuka pilipili manga na moshi. Mmenipa feki." Simu zikawashwa. Nikajitetea kidogo, sauti ikagoma. Meneja akaja mbio, akaomba radhi, akafuta chupa kwenye bili, akaniambia nipite ofisini. Ikakatwa kwangu, miezi mitatu. Hela ile ilikuwa ya mdogo wangu, alikuwa anatakiwa kuripoti form five. Aliripoti wiki tatu baada ya wenzake. Hilo mpaka leo likinijia usingizi unakata.

Usiku ule baada ya kufunga, kaka wa kaunta, ambaye aliwahi kufanya kazi Cape Town, akaitoa ile chupa. Alikuwa ameiweka kwenye friji kama nusu saa. Akanimiminia kidogo, akanisogezea mishkaki iliyobaki. "Mdogo wangu, hii haijaharibika. Kula kwanza, halafu unywe."

Wadau, sikuwahi kuonja kitu kama kile. Mafuta ya nyama, mkaa, halafu ile waini inaingia na harufu ya pilipili manga ileile aliyoilalamikia staa. Pilipili manga bila kuwasha! Nikamuuliza wanaitia? Akacheka. Haitiwi, iko kwenye zabibu yenyewe. Baadaye nilisoma kwamba watafiti wa Australia mwaka 2008 walieleza kuwa ni kemikali inaitwa rotundoni, na hiyohiyo ndiyo iliyomo kwenye pilipili manga ya dukani.

Kilichoniteka zaidi ni habari ya shamba. Swartland iko kaskazini mwa Cape Town, ni nchi ya ngano, na huko mvua inanyesha majira ya baridi. Kiangazi ni jua tu, na ndicho kipindi zabibu zinaiva. Wakulima wengi wa huko hawamwagilii. Mizabibu mingi haifungwi hata kwenye waya, inasimama yenyewe kama vichaka, na mizizi inalazimika kushuka chini kwenye miamba kutafuta unyevu. Mavuno yanakuwa kiduchu, punje ndogo, ganda nene, ladha imejikusanya. Ndiyo maana bei inapaa: pipa la lita 225 linatoa kama chupa 300, na mtu mwenye kijishamba anaweza kupata mapipa machache tu kwa mwaka mzima. Mwaka 2018 Cape Town ilipokaribia kufunga mabomba kwa ukame, nilielewa kwa nini kuna watu wanalima kwa kumtegemea Mungu na mawingu.

(Halafu ukiona imeandikwa Shiraz usishtuke, ni zabibu ileile. Watu walisema ilitoka mji wa Shiraz kule Iran, lakini vipimo vya DNA mwaka 1998 vilionyesha wazazi wake wote ni wa Ufaransa.)

Sasa kosa lilikuwa la nani? Nitasema ukweli, na langu lilikuwepo. Kwanza chupa ilikuwa inakaa rafu ya juu karibu na mashine ya kahawa, na joto la Dar unalijua. Waini nyekundu ikiwa ya moto unasikia pombe tu. Pili, sikumuuliza anakula nini. Pilipili kali inafanya pombe ichome, na ule ukakasi unaokausha ulimi kama ndizi mbichi unakuwa mkali zaidi. Ukichanganya na vitu vya baharini, mdomoni inakuja ladha kama umelamba msumari. Jamaa hakudanganya, kweli ilikuwa mbaya. Ila angeagiza mbuzi choma isiyo na pilipili, au pilau ya ng'ombe iliyokolea viungo, au hata biringanya la kuchoma kwa mkaa, tusingefika kule. Ya samaki wa nazi usijaribu kabisa, nimejaribu kwa ajili yenu.

Kazi niliacha nilipomaliza kukatwa. Yule kaka wa kaunta bado tunasalimiana.

Mwezi uliopita staa kaposti picha yuko ufukweni, mezani kuna chupa. Nikaikuza. Lebo ileile, Swartland. Kaandika kwamba ndiyo waini yake pendwa tangu zamani.

Nikashusha macho kwenye sahani. Kamba wa pilipili.