Kutambua na Kutambuana Langoni

Wahenga walilonga kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu Mitaboni, katika Kaunti ya Machakos, mgeni hubisha hodi, akakaribishwa na kupewa kiti, ndipo akaulizwa lililomleta.

Katika ofisi nyingi, mambo huenda kinyume. Mgeni huandika jina, nambari ya kitambulisho na ya simu katika daftari lililo wazi kwa kila apitaye, kisha huacha kitambulisho chenyewe langoni. Nyanya yangu aliacha chake katika ofisi moja mjini. Aliporejea, kilikuwa kimekabidhiwa mtu mwingine. Kwa majuma kadhaa hakuweza kutoa kwa wakala fedha alizotumiwa na wanawe. “Waliitazama kadi, mjukuu wangu,” aliniambia. “Mimi hawakunitazama.”

Udhia huu una historia. Sheria ya mwaka wa 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iliwalazimu wanaume Waafrika nchini Kenya kubeba kipande, ambacho wengi walikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Harry Thuku, aliyekuwa miongoni mwa waliokipinga, alikamatwa mwaka wa 1922. Leo twasema kitambulisho, neno lililochipuka kutoka kitenzi tambua. Je, matumizi yetu yamebadilika pamoja na neno?

Sidai kwamba malango yaachwe wazi. Shambulio la Agosti 7, 1998 jijini Nairobi na lile la Westgate mwaka wa 2013 yalitufunza tahadhari. Hata hivyo, kadi iliyofungiwa katika droo haimlindi yeyote; hudhihirisha tu kwamba mtu fulani ameacha kitu.

Kwa maoni yangu, bawabu aanze kwa salamu na kujitaja jina. Ailinganishe picha na uso, kisha amrudishie mgeni kadi papo hapo. Kila mgeni ajaziwe karatasi yake, na asiyejua kuandika aandikiwe bila kuaibishwa. Mwenyeji aulizwe kama anamtarajia mgeni huyo. Habari zisizohitajika zisiulizwe, kwa kuwa Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 yataka hivyo, na Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 chalinda faragha ya kila mtu.

Sisi wanafunzi wa sarufi twajua kwamba kauli ya kutendana huhitaji watu wawili. Langoni wapo wawili: bawabu na mgeni. Basi na watambuane.