Mfuta Wino

Nyumba ya Sanaa ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt, mtawa Mmarekani wa shirika la Maryknoll. Wanaoitaja leo humkumbuka msanii George Lilanga na michoro yake ya mashetani, na wana haki. Mimi naikumbuka kwa viganja. Nilishuka kwa treni kutoka Dodoma, kijana nisiye na ujuzi wowote, nikapewa kazi ya kufuta wino kwenye mabamba ya kuchapia picha.

Bamba la zinki lilipakwa nta iliyochanganywa na lami, msanii akaikwaruza kwa sindano mpaka zinki ing'ae, kisha likalazwa kwenye asidi ya nitriki. Asidi ilikula pale tu nta ilipotoka. Mapovu tuliyafagia kwa unyoya, maana yakituama mstari hutoka na mapengo. Mistari iliyotakiwa kuwa myembamba ilizibwa mapema kwa vanishi; ya kukolea ikaachwa iendelee kuliwa.

Hapo ndipo zamu yangu ilipofika. Unashindilia wino mikwaruzoni, unafuta uso wa bamba kwa shashi, unamalizia kwa kiganja. Ukifuta mno, picha inapauka. Ukifuta kidogo, mchana unageuka usiku. Sahihi ni ya msanii, nami sina kinyongo, ila bamba moja likipita kwa wafutaji wawili hutoa picha mbili.

Karatasi sharti iwe na unyevu, ndipo rola ya mashine iweze kuisukuma hadi ndani ya mikwaruzo. Dar hewa yenyewe ilitusaidia. Niliporudi Dodoma, rafiki yangu msanii alinifuata na kimashine chake cha kuchapia. Ilikuwa Agosti, na upepo wetu wa kiangazi ni mkavu: karatasi ilikauka kabla gurudumu halijazunguka. Ikabidi tuchape alfajiri, karatasi zimefungwa kwenye nailoni.

Alimchora ng'ombe wa mjomba wangu moja kwa moja kwenye bamba, pamoja na alama ya ukoo iliyokatwa sikioni. Sasa, bamba hugeuza kila kitu, kulia kukawa kushoto. Kwa mashetani haina neno. Nani ajuaye sikio lao la kulia? Lakini mjomba ni Mgogo mfugaji. Aliishika picha, akaitazama kwa muda, akanirudishia.

"Mpwa wangu, wa kwangu kakatwa sikio la kulia. Huyu mmemtoa zizi la nani?"