Ulimi Huchelewa Kufika



Katika mitaa yetu ya Butembo kuna neno linalotamkwa haraka mno juu ya watoto: "anachagua." Mtoto akisukuma sahani ya maharage, anachagua. Akila bugali mkavu na kuacha sombe, anachagua. Neno hilo likisemwa juu ya mtoto wa nyumbani, watu hucheka na kuendelea kula. Likisemwa juu ya mtoto wa mgeni, hasa mgeni aliyekimbia vita, hakuna anayecheka; limekwisha kuwa hukumu. Tungependa tutafakari pamoja juu ya tofauti hiyo, kwa sababu wengi wenu ndio mnaopika na kuwalisha wadogo zenu wazazi wanapokuwa shambani au sokoni, na baada ya miaka michache mtakuwa na meza zenu wenyewe.

Sisi tunaishi Rughenda, mtaa ambao wengi wanaujua kwa ajili ya uwanja wake wa ndege. Mnajua yaliyoupata upande wa Beni tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kuwatoa watu vijijini. Wengi waliofika Butembo hawakukuta kambi wala hema. Walipokelewa katika nyumba za watu, chumba kwa chumba, sufuria kwa sufuria. Kwetu alifika, mwaka 2021, mama mmoja na watoto wake watatu kutoka kaskazini ya Oicha. Tulikuwa tayari watu sita nyumbani, pamoja na mjukuu wetu wa kike mwenye miaka minne. Tukawa kumi, na mafiga yaliendelea kuwa yale yale matatu.

Mtoto wa kati wa yule mama, mvulana wa miaka sita, alikataa kula. Hakukataa kila kitu. Bugali alikula, na ndizi za kupikwa alizila kwa furaha. Lakini maharage yaliyochanganywa na viazi, ambayo ndiyo chakula chetu cha siku nyingi, hakuyagusa. Kabichi aliiangalia kama mtu anayeangalia majani ya mbuzi. Hata sombe aliionja mara moja akaiacha, kwa kuwa kwao hupikwa kwa mawese mengi, na kwetu mawese hupimwa kwa kijiko.

Anayetazama ramani atashangaa. Kutoka Beni hadi Butembo ni kilomita 54 tu, na pande zote mbili watu husema Kinande. Lakini Butembo iko juu, zaidi ya mita 1,700, penye baridi, karibu na milima ya Lubero inayotupatia viazi, kabichi na maharage. Beni iko chini, penye joto, mahali pa michikichi, mpunga, kakao na ndizi. Kwa mfanyabiashara, hiyo ni njia moja. Kwa mtoto wa miaka sita ni vyungu viwili tofauti, na chungu cha mama yake kilibaki nyuma pamoja na nyumba.

Siku zile zile mjukuu wetu naye alikuwa akikataa maganda ya maharage. Aliyatoa moja moja kwa vidole na kuyapanga pembeni mwa sahani, kama askari kwenye gwaride. Majirani walimwita malkia, wakacheka. Juu ya yule mvulana, jirani mmoja alisema: "Mkimbizi naye anachagua?" Mama yake alisikia. Tangu jioni ile alianza kumshindilia mwanawe kijiko mdomoni, huku akimfinya chini ya meza, akitutazama sisi kwa jicho la kuomba radhi. Mtoto alimeza, kisha alitapika. Chakula kikapotea, na machozi yakawa ya watu wawili.

Mama wa nyumba yetu ndiye aliyemshika mkono. Alimwambia: "Mama, mwache. Miguu yake imefika Butembo. Ulimi wake bado uko njiani."

Maneno hayo yametufundisha kuliko vitabu vingi. Tuna methali za kumkemea mwenye kuchagua. Watu wa pwani husema mchagua nazi hupata koroma, na wakulima husema mchagua jembe si mkulima. Methali hizo ni za kweli, lakini zinasemwa kwa mtu mzima aliyesimama mbele ya vitu vingi. Mtoto yule hakuwa amesimama mbele ya vitu vingi. Wengine walimchagulia njia, saa ya kukimbia, nyumba ya kulala na mkeka wa kulalia. Kitu kimoja tu kilibaki chini ya amri yake, nacho ni kinywa chake. Tukimpokonya hicho kwa nguvu, tutakuwa tumemlisha nini?

Wapo wanaodhani kwamba njaa huondoa ladha, na kwamba maskini akipewa chakula hana haki ya kusema hiki nakipenda na kile sikipendi. Ikiwa hivyo, basi tunasema kwamba ulimi ni mali ya wenye fedha. Sisi hatuwezi kukubali fundisho hilo. Anayepokea chakula anapaswa kushukuru, ndiyo. Lakini shukrani haimtaki mtu aache kuwa mtu.

Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa kutofautisha mtoto asiyetaka na mtoto asiyeweza. Wataalamu wa malezi wanajua kwamba watoto wengi, hasa kati ya miaka miwili na sita, huogopa chakula wasichokizoea, na huusikia uchungu wa majani zaidi kuliko watu wazima. Hofu hiyo ina maana yake. Mtoto anayejua kutembea lakini hajui bado kupambanua anaweza kuokota lolote na kulitia kinywani. Nasi tunajua kwamba majani ya muhogo yana sumu yakiwa mabichi. Ndiyo maana mama zetu huyatwanga na kuyachemsha muda mrefu kabla ya kuyaita sombe. Ulimi wenye mashaka huwalinda wadogo.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, Leann Birch, pamoja na wenzake, walionyesha kuanzia miaka ya 1980 kwamba mtoto anaweza kuhitaji kuonja chakula kipya mara kumi na hata zaidi kabla ya kukikubali. Wengi wetu huchoka mara ya tatu. Walionyesha pia kwamba mtoto anayeahidiwa zawadi ili ale kitu fulani huweza kukipenda pungufu baadaye, kwa kuwa anajifunza kwamba kitu hicho ni mzigo unaolipiwa. Kabla yao, mwaka 1928, daktari Clara Davis, Mmarekani pia, alianza kuchapisha habari za watoto wadogo walioachiwa kuchagua wenyewe kati ya vyakula walivyowekewa, nao wakakua vizuri. Lakini daktari huyo hakuficha siri ya jambo lake: vyakula vyote alivyoviweka mbele yao vilikuwa vyema na vya kawaida. Watu wazima walichagua cha kuweka mezani. Watoto walichagua cha kutia kinywani, na kiasi.

Huo ndio mgawanyo tuliojaribu kuufuata. Hatukupika vyungu viwili. Hatukuwa na makala ya kutosha wala fedha, na chungu cha pili kingemtenga mtoto na wenzake. Lakini tulihakikisha kwamba kila mlo una kitu kimoja ambacho kila mtu anakula, hata kama ni bugali au ndizi mbili. Pembeni tuliweka maharage kidogo, kiasi cha kijiko kimoja, bila hotuba. Akila, hatukupiga makofi. Asipokula, hatukumtaja. Hatukumpa mandazi saa moja kabla ya chakula, maana tumbo lililokwisha kudanganywa halina sababu ya kujaribu. Na kila alasiri watoto wote walikaa pamoja kuchambua maharage na kuchuma lengalenga, yule mvulana na mjukuu wetu wakishindana nani ataona mawe mengi zaidi. Mkono ukizoeana na chakula, kinywa hupunguza woga.

Haikuwa kazi rahisi, na hatutaki kuwadanganya. Mwenye kulisha huchoka. Anapoona chakula alichokitafuta kwa jasho kinarudi jikoni, moyo wake huuma. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 11, Waisraeli jangwani wanakumbuka samaki wa Misri, matango, matikiti na vitunguu, na wanaichoka mana. Mara nyingi tunawasoma kama watu wasio na shukrani, na kweli walinung'unika. Lakini tazameni pia kwamba watu walioko njiani hukumbuka kwa ulimi. Tena tazameni Musa: naye analalamika mbele ya Mungu, akiuliza kama ni yeye aliyewachukulia mimba watu hawa hata awabebe kifuani kama mlezi anavyombeba mtoto anyonyaye. Mungu anamjibu kwa kumpa wazee sabini wamsaidie mzigo. Basi dada anayewalisha wadogo watano peke yake kila siku asiambiwe tu avumilie. Apewe msaidizi, na kaka zake wawe wa kwanza kuinuka.

Hapa tuseme jambo moja la lazima, kwa sababu subira isiyo na macho ni hatari. Si kila anayekataa chakula anachagua. Mtoto mwenye malaria hukosa hamu ya kula. Mwenye vidonda vya kinywa hukataa kwa maumivu. Mtoto aliyekonda sana, au ambaye miguu yake imevimba, na ambaye hata chakula anachokipenda hakitaki tena, apelekwe kituo cha afya siku ile ile. Wauguzi wana kipimo rahisi: humpa mtoto mwenye utapiamlo mkali karanga zilizosagwa pamoja na maziwa, sukari, mafuta na vitamini, kisha hutazama kama anakula. Akikataa, hawasemi anachagua, wanampeleka hospitali. Kijana anayemlisha mdogo wake ajue tofauti hiyo kama anavyojua njia ya kwenda kisimani.

Yule mvulana alichukua wiki nyingi. Maharage aliyakubali kwanza yalipopondwa pamoja na ndizi, kwa kuwa ndizi ilikuwa rafiki yake wa zamani na ilimdhamini mgeni. Baadaye aliyala pamoja na viazi. Mjukuu wetu aliacha kuyapanga maganda siku alipoona rafiki yake anayameza. Kabichi hakuipenda, na hata leo haipendi. Jamaa yake sasa imepanga nyumba ndogo si mbali na yetu, na mama yake akitutembelea hasemi tena neno la kuomba radhi akikaa mezani. Kwetu, hilo la mama ni kubwa kuliko la maharage.

Sasa tuwageukie ninyi, kwa kuwa ninyi si watoto wa miaka sita. Ulimi wa mtoto unasubiriwa. Ulimi wa kijana unafundishwa na mwenyewe. Kijana anayekaribishwa katika nyumba ya watu na kukunja uso mbele ya sombe isiyo na samaki, mbele ya mama aliyeamka alfajiri kuitwanga, hawezi kujificha nyuma ya maneno tuliyoyasema juu ya watoto. Yeye anajua kusema asante, kupakua kidogo, na kula alichopakua. Na kaka anayemlazimisha dada yake ampikie chungu chake cha nyama peke yake, wadogo wakitazama, huyo ndiye anayestahili lile neno ambalo mitaani tunawatupia watoto.

Mnapokutana juma hili, kila mmoja amkumbuke mtu wa nyumbani kwake ambaye huitwa mwenye kuchagua. Ulizeni: alikula nini kabla hajafika hapa? Nani alimpikia? Ni mara ngapi amewekewa chakula kipya bila kelele? Na jioni, mkipakua, mtengeeni kijiko kimoja pembeni ya kile anachokijua, kisha ongeeni habari nyingine.