Sentimita Nane

Baba alikaa shimoni zaidi ya saa nzima kabla ya mtu kujua kwamba hawezi kutoka. Mgongo ulimkamata akifungua gia boksi ya Noah ya mteja, na gari lenyewe lilikuwa limefunika shimo juu yake. Mama alikuwa sokoni. Dogo anayemsaidia alikuwa ametumwa kutafuta bushi. Aliporudi alikuta redio inaimba na fundi amenyamaza.

Hayo sikuambiwa na Baba. Nilisimuliwa na dogo miezi miwili baadaye, nilipokwenda nyumbani Morogoro kwa likizo, naye alinisimulia kwa sauti ya chini kama anayechongea.

Gereji yetu iko uani: kuta mbili za tofali, sakafu ya zege na mabati ya mgongo mmoja. Shimo liko upande wa chini wa paa. Baba alilichimba kwa mikono yake 1999, nikiwa sijatimiza mwaka mmoja. Shimo hilo limetusomesha mimi na kaka. Lakini shimo ni shimo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka na kutulia humo humo, ukisubiri cheche moja ya taa. Na kila mwaka ngazi yake huwa ndefu zaidi kwa mtu wa miaka sitini na mbili.

Usiku nikampigia kaka. Tukakubaliana: tutachanga, tutamnunulia lifti ya kuinulia magari.

"Lifti ni za wenye gereji za vioo," Baba alisema, akicheka. Hakukataa, hata hivyo. Kwa Baba, kutokukataa ni nusu ya shukrani.

Nasoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa ujenzi, kwa hiyo nilijipa uenyekiti wa kamati ya ununuzi. Mwanzoni niliipenda lifti ya nguzo nne. Gari hupanda juu ya njia mbili za chuma, uzito unashuka moja kwa moja kwenye nguzo zote, na sakafu haisumbuliwi sana. Baba aliitazama picha kwenye simu yangu, akaniuliza swali moja: "Sasa tairi nitalitoaje?"

Hapo nikakumbuka kazi zake ni zipi. Shokapu, bolijointi, bushi, breki. Karibu zote zinataka tairi lining'inie. Kwenye nguzo nne tairi linakalia chuma, na ili ulitoe inabidi uongeze jeki ya pili juu ya lifti. Halafu inakula nafasi ndefu, na uani kwetu kuna kamba za nguo za Mama, ambazo hazina mjadala.

Ya mkasi ilikuwa nafuu, lakini ile tuliyoimudu ilifika kiunoni tu. Baba angetoka kuinama shimoni akaenda kuinama juu ya kigoda.

Ikabaki ya nguzo mbili, ya tani 4. Tulipima. Upande wa juu wa paa una mita 4. Noah ina kimo cha mita 1.85 hivi, ukiipandisha mita 1.8 bado haijagusa bati. Mota tulitafuta ya fezi moja, maana ndiyo umeme wa nyumbani. Hata umeme ukikatika gari likiwa juu, kuna kufuli za chuma zinazolishikilia, na utaratibu wa kulishusha kwa mkono. Kila kitu kilikubali. Ilibaki sakafu.

Nguzo mbili zina tabia yake. Mikono inabeba gari katikati, kwa hiyo kila nguzo inataka kulalia ndani, kuelekea kwenye gari. Kinachoizuia ni boliti za chini, hasa za upande wa nje, ambazo muda wote zinavutwa kutoka kwenye zege. Mwongozo wa lifti yetu ulitaka zege la sentimita 15.

Baba alikuwa akijisifia sakafu ile tangu nikiwa mdogo. "Hapa hata Fuso inapita." Nikaazima drili, nikatoboa, nikaingiza waya, nikapima. Nane. Nikahamia upande wa pili. Saba na nusu. Chini yake udongo mwekundu.

Baba alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. Nikapima tena, si kwa sababu nilikuwa na shaka.

"Baba, ni nane."

"Najua," akasema. "Saruji ilikuwa mifuko ishirini. Nilitumia kumi na mmoja, mingine nikaiuza."

Hakusema pesa ilikwenda wapi, nami sikuuliza. Mwaka huo nyumba ilikuwa na mtoto anayeanza shule na mwingine anayeanza kutambaa.

Muuzaji wa lifti, tulipompigia, alisema tufunge tu. Wengi wanafunga hivyo hivyo na hawajapata shida. Baba akanitazama. Zile zilikuwa pesa zetu, na zege jipya lingekula zilizobaki, zikiwemo nilizoweka kwa ajili ya utafiti wangu. Nilianza kumweleza habari za nguvu za mvuto na kina cha boliti. Akaninyanyulia mkono.

"Mama, unasema hiyo ni nati kwenye uzi uliokufa."

"Ndiyo, Baba."

"Inakaza vizuri, mpaka siku unayoihitaji."

"Ndiyo."

"Basi tukate."

Tukakata mkanda wa sakafu kutoka nguzo hadi nguzo, tukachimba sentimita 30, tukasuka nondo, tukamwaga zege. Safari hii Baba alihesabu mifuko kwa sauti, na hakuna uliorudi stoo. Nikamwambia tusubiri siku 28 zege likomae ndipo tutoboe matundu ya boliti, na alimwagie maji asubuhi na jioni kwa siku saba za kwanza. Nikarudi chuoni.

Leo ni siku ya kumi na tisa. Maji bado anamwaga. Anasema hayajawahi kudhuru zege. Lifti imesimama ukutani ndani ya plastiki yake, na wateja wameanza kuja kuitazama. Shimo amekataa lisifukiwe. Ameliwekea mbao juu, na mbao, kama ninavyomjua, zinaondoka.

Jioni napiga simu. Tunaanza na zege, tunapita kwa Mama, halafu nauliza, "Leo umeshuka?"

Kimya kidogo. Nasikia redio.

"Dogo alikuwepo," anajibu.